Pete mbili kwenye shingo moja: shajara ya mradi wa hamira

Siku ya 1

Swali nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kwa kalamu nyekundu, nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuwa natafuta kitu kingine: pete ya septini ikishajigawa kuwa mbili, pete ya miosini hukaa muda gani kabla ya kuanza kujibana?

Kwa atakayeikuta shajara hii katikati: hamira tunayotumia ni *Saccharomyces cerevisiae*, ile ile ya kuumulia unga. Seli yake haikatiki katikati. Inatoa chipukizi upande mmoja, chipukizi linanenepa, seti moja ya kromosomu inavutwa kuingia humo, ndipo mama na mtoto wanatenganishwa pale walipoungana, kwenye shingo yenye upana wa mikromita 1 hivi. Seli mama yenyewe ina kama mikromita 5. Hapo shingoni protini ziitwazo septini hujipanga kuwa pete, na katikati yake hukaa pete ya miosini, protini inayovuta hadi pete hiyo ijibane. Mradi mzima unahusu hiyo shingo.

Seli nilizopewa zina protini mbili zilizotiwa alama. Cdc10, ambayo ni septini, imeshonewa protini ya kijani inayong'aa. Myo1, ambayo ni miosini, imeshonewa nyekundu. Nimezitoa kwenye friza ya nyuzijoto 80 chini ya sifuri, nikakwangua barafu kidogo kwa kijiti, nikapaka kwenye sahani ya agari, nikaiweka kwenye kabati la nyuzijoto 25. Leo basi.

Siku ya 3

Seli zimeota, na madoa yake kwenye sahani ni ya waridi. Nilisimama pale nikitabasamu kama mjinga, nikiamini naiona miosini yangu nyekundu kwa macho makavu.

Mwenzangu wa meza ya pili alichungulia mara moja tu. "Hiyo si protini yako. Hizo zina njaa ya adenini."

Ni kweli. Ukoo huu una jeni moja iliyovunjika, ADE2, kwa hiyo hauwezi kujitengenezea adenini, moja ya vijenzi vya DNA. Ikipungua kwenye chakula, seli huanzisha kazi ya kuitengeneza, hukwama katikati, na bidhaa ile iliyokwama hulundikana kwenye kifuko cha ndani na kugeuka nyekundu. Ubaya wake ni kwamba uchafu huo nao unang'aa chini ya hadubini, tena karibu na rangi ninazozitafuta. Ningepiga picha leo ningekuwa na seli zilizojaa mwanga wa tumboni na shingo isiyoonekana.

Nimeanza upya na chakula kilichoongezwa adenini. Pia nimeambiwa niache ule mchuzi mzito wa dondoo ya hamira wakati wa kupiga picha, kwa kuwa wenyewe unang'aa, nitumie mchuzi wa kuchanganya kwa vipimo.

Siku ya 5

Leo nimeziona.

Kioo cha chini ya kisahani kinapakwa konkanavalini, protini ya mimea inayonata kwenye sukari za ukuta wa seli. Bila hiyo seli zinaelea na kila picha inakuwa ya seli nyingine. Lenzi ya mafuta, ya kukuza mara 100. Nilizima taa ya chumba, nikafungua mwanga wa buluu, nikasubiri macho yazoee.

Seli yenye chipukizi kubwa ikilala ubavu, septini inaonekana kama kiuno cha ngoma: mstari mpana wa kijani, kingo zake zimetanuka kidogo upande wa mama na upande wa mtoto. Ikisimama wima ikakutazama usoni, ndipo unaona duara lenye tundu. Kwenye seli isiyo na chipukizi bado, nilikuta kiduara chembamba kimekaa juu ya ngozi ya seli mahali ambapo hakuna kitu. Hapo ndipo chipukizi litakapotokea. Protini ndogo iitwayo Cdc42 hukusanyika sehemu moja ya utando, huziita septini, nazo hujipanga duara robo saa hivi kabla uvimbe wa kwanza haujaonekana.

Seli kadhaa zilikuwa na pete mbili zilizokaa kando kwa kando. Nikaandika "zimejigawa!" na alama tatu za mshangao. Baadaye nimezifuta. Moja ilikuwa pete ya zamani, mabaki ya mgawanyiko uliopita ambayo hayajabomolewa. Ya pili ndiyo mpya. Seli za hamira zenye seti moja ya kromosomu zina tabia ya kuchipua jirani na kovu la mara iliyopita, na mabaki ya pete ni sehemu ya alama zinazowaelekeza pa kuanzia. Kwa hiyo kuona pete mbili hakutoshi. Lazima niifuate seli moja tangu mwanzo.

Siku ya 6

Mashine imeshikwa na watu wengine, nimesoma.

Leland Hartwell na wenzake, kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, walizitafuta hamira zilizovunjika jeni kwa namna ambayo zinaishi vizuri kwenye joto la chini na kukwama zikipashwa moto. Kila iliyokwama kwenye hatua fulani ya mgawanyiko ilipewa jina la CDC na namba. Nne kati ya hizo, CDC3, CDC10, CDC11 na CDC12, zilikuwa na kasoro moja: kiini kinagawanyika, chipukizi linarefuka kama soseji, lakini shingo haikatiki. Mwaka 1976 Breck Byers na Loretta Goetsch walionyesha kwa hadubini ya elektroni nyuzi za unene wa nanomita 10 zikizunguka shingoni. Ilikuja kufahamika baadaye kwamba nyuzi hizo ndizo protini za jeni zile nne. Hartwell alipata Nobel mwaka 2001 pamoja na Paul Nurse na Tim Hunt, kwa kazi pana ya jinsi seli inavyoongoza mzunguko wake.

Sehemu iliyonishika zaidi ni namna protini hizi zinavyoshikana. Si kila moja inajipanga peke yake. Zinaungana nane nane kuwa kijiti cha nanomita 32: Cdc11, Cdc12, Cdc3, Cdc10, halafu mpangilio uleule kinyumenyume, Cdc10, Cdc3, Cdc12, Cdc11. Kijiti kinasomeka sawa ukianzia kushoto au kulia. Aktini, protini nyingine inayojipanga kuwa nyuzi ndani ya seli, ina kichwa na mkia, na miosini huutumia mwelekeo huo kutembea juu yake. Kijiti cha septini hakina mbele wala nyuma, kwa hiyo hakuna kinachoweza kutembea juu yake kwa kufuata upande. Nimeyaandika haya kwa herufi kubwa kwa sababu hadi jana nilikuwa nikizichora pete zote mbili kwa mishale ya kujibana. Ya septini haina kazi hiyo. Inashikilia tu, na protini nyingine kadhaa huja kutia nanga juu yake, miosini ikiwemo.

Kuna septini ya tano, Shs1, ambayo inaweza kukaa nchani badala ya Cdc11. Nitaiacha, mradi wangu una mambo ya kutosha.

Siku ya 9

Jaribio la kwanza la video: picha kila dakika 1 kwa saa 2, tabaka 11 za kina kwa kila picha, kutoka juu hadi chini ya seli, rangi mbili. Nimepata video nzuri ya giza. Mpaka dakika ya 40 ile nyekundu ilikuwa imefifia kabisa, na seli zilikuwa zimeacha kukua. Mwanga unaozifanya protini zing'ae ndio huo huo unaozichosha, na ukizidi unaiumiza seli yenyewe. Nilijua. Nilidhani nitapita nao.

Nimejaribu dakika 4. Seli zinaishi raha mustarehe na mimi siambulii kitu, kwa sababu tendo ninalolitafuta linatokea na kwisha katikati ya picha mbili.

Mwalimu alikuja kuangalia, akauliza swali moja: "Unahitaji tabaka zote 11?" Sihitaji. Zikilala ubavu, tabaka 5 zinatosha shingo. Nguvu ya mwanga nimeishusha hadi picha zinaonekana mbaya kwa jicho, zina chengachenga, lakini kompyuta inaweza kupima. Nimeshaelewa kwamba picha ya kupamba ukuta na picha ya kupimia ni vitu viwili.

Siku ya 12

Video ya kwanza inayofaa. Naiandika seli moja picha kwa picha, kwa kuwa ndiyo iliyonibadilisha mawazo.

Chipukizi limeshakuwa kubwa, karibu ya mama. Kijani kiko shingoni kama kiuno cha ngoma, kimetulia, hakitikisiki. Nyekundu imelala katikati yake, mstari mwembamba sana. Dakika 20 zinapita hivyo. Nilikaribia kuruka mbele.

Halafu kijani kinaanza kuonekana kama kimepauka katikati. Picha inayofuata kuna mistari miwili ya kijani na mwanya kati yao, mmoja umebaki upande wa mama, mwingine upande wa mtoto. Basi, dakika moja. Nyekundu iko kwenye mwanya, bado pana kama mwanzo. Picha mbili baadaye nyekundu inaanza kufupika. Inafupika na kung'aa zaidi, kwa sababu miosini ile ile inasongamana kwenye duara dogo. Dakika ya 7 tangu ianze, imekuwa nukta. Dakika ya 8 hakuna kitu.

Na wakati wote huo mistari ya kijani haikusogea. Kipenyo chake ni kile kile. Nyekundu ilikuwa kitanzi kinachovutwa, kijani kilikuwa kingo mbili za mfereji.

Wengine walishapima kwamba wakati wa kugawanyika huku nyuzi za septini hugeuka kwa pembe ya digrii 90: kwenye kiuno cha ngoma nyingi zinaelekea kutoka mama kwenda mtoto, na baada ya kugawanyika zinaizunguka shingo. Kabla na baada, pete inakuwa imeganda; ukiiunguza sehemu kwa mwanga mkali, haijazwi na septini za jirani. Wakati wa kugeuka tu ndipo inapolegea. Sikuweza kuona hayo kwa hadubini yangu, nyuzi ni nyembamba mno kuliko mwanga unavyoweza kutenganisha. Nilichoona ni kwamba kijani kilipungua kidogo ghafla wakati ule, kama watu wachache wametoka chumbani wakati viti vinapangwa upya.

Siku ya 13

Kupima. Kazi ya kuchosha, nitaandika kwa ufupi.

"Imeanza kujibana" maana yake nini? Nikipima upana wa nyekundu napata jibu moja, nikipima mwangaza wake napata jingine. Nimechagua upana, na nimeamua kwamba kuanza ni picha ya kwanza ambayo upana umepungua na ile inayofuata nayo ikapungua zaidi. Seli zilizoinama nimezitupa, pete iliyoinama inadanganya urefu. Karibu theluthi moja ya video imekwenda na maji.

Kwa zilizobaki, nafasi kati ya kijani kugawanyika na nyekundu kuanza ni picha 1 hadi 3. Hakuna hata seli moja ambayo nyekundu imetangulia. Lakini nikipiga picha kila dakika 1 na jibu likawa "dakika 1 hadi 3", nimepima saa yangu zaidi ya nilivyoipima seli.

Siku ya 16

Nimeacha saa pembeni kwa muda, nimejaribu kuvunja. Ukoo mpya wenye CDC12 inayoharibika kwa joto, huku septini nyingine ikiwa na alama ya kijani. Kwenye nyuzijoto 25 unaishi kama kawaida. Nimezihamishia 37 nikiwa nimekaa kwenye hadubini yenye kabati la joto.

Sikutarajia kasi ile. Kabla sijamaliza kurekebisha lenzi, ambayo nayo ilikuwa inatanuka kwa joto na kupoteza mahali, pete zilikuwa zimekwisha. Kijani kimetawanyika seli nzima kama maziwa kwenye chai. Cdc12 imekaa kati ya Cdc11 na Cdc3 kwenye kijiti, ikilegea yenyewe kijiti kinavunjika na pete inaondoka nayo.

Baada ya saa 3 nilikuwa na soseji za Hartwell: machipukizi marefu, mengine yakichipua tena bila kukatika. Nilitia rangi ya kalkofluori, inayoshika kitini. (Kitini cha ukuta wa seli, si kile unachokalia, nimeshachoka na utani huu kutoka kwa kila anayesoma daftari langu.) Kwenye seli za kawaida kitini huonekana kama mkufu kwenye kila kovu. Kwenye hizi kimemwagika ovyo. Pete ikikosekana, mafundi wa ukuta hawajui pa kujenga.

Siku ya 18

Nusu siku imepotea, na kosa ni langu.

Nataka kujua nini kinaiambia pete igawanyike, kwa hiyo nilitafuta habari za Cdc15, protini inayotajwa kwenye hatua za mwisho za mgawanyiko. Nikapata maelezo mengi kwamba Cdc15 inajikunja juu ya utando na kusaidia kujenga pete ya aktini, na kwamba Cdc12 ndiyo inayozalisha nyuzi za aktini. Nikaketi. Cdc12 ni septini! Nimeivunja juzi kwa mikono yangu!

Nilikuwa nasoma kuhusu hamira nyingine, *Schizosaccharomyces pombe*. Wanasayansi wa hamira hizi mbili walitoa majina ya cdc kila mmoja kivyake, namba zikagongana bila udugu wowote wa protini. Na jina hilo la pili si bahati mbaya, ni neno letu hasa: Paul Lindner aliitenga mwaka 1893 kutoka kwenye pombe ya mtama ya Afrika Mashariki. Sijui kama yupo anayelitamka maabara bila sisi kucheka.

Yenyewe ni seli ndefu kama kibonge cha dawa, haichipui, inakatika katikati kweli kweli. Huko septini zipo na hujipanga pete mbili, lakini seli inaweza kuishi bila hizo. Mahali pa kukatia panawekwa na protini nyingine, Mid1, inayotoka kwenye kiini na kuweka vidoa kuzunguka kiuno cha seli. Aktini na miosini huunganisha vidoa hivyo kuwa pete. Tatizo ni lile lile, kujua pa kukata, na kila hamira imelitatua kwa vifaa vyake.

Nimeongeza herufi mbele ya kila jina la protini kwenye daftari. Sc na Sp. Lazima.

Siku ya 20

Cdc15 ya hamira yangu ni kimeng'enya kinachotia fosfeti, kwenye mnyororo wa protini zinazotoa ruhusa ya kumaliza mgawanyiko. Mnyororo huo huamka kromosomu zikishafika upande wa chipukizi. Nina ukoo ambao CDC15 yake inakwama kwa joto, na uzuri wake ni kwamba ukiurudisha kwenye baridi unaendelea.

Saa 3 kwenye 37. Seli zote zimekuwa mama na mtoto wanaolingana, viini vimeshatengana, kila kimoja kwake. Kwa kila hali ziko tayari kukatika. Kijani ni kiuno cha ngoma, kizima. Nyekundu iko ndani yake, nzima. Hakuna kinachogawanyika, hakuna kinachojibana. Nimeziangalia nusu saa nyingine nikitegemea japo moja ikose subira.

Nikamwaga mchuzi wa moto, nikaweka wa nyuzijoto 25. Zikaanza karibu pamoja, kijani kwanza, nyekundu nyuma yake. Kwa mara ya kwanza nina seli nyingi zinazofanya jambo moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo naweza kupiga picha kila sekunde 20 kwa dakika 30 tu, dirisha ambalo alama nyekundu inalivumilia. Hili ndilo nililolikosa siku ya 13.

Siku ya 23

Kwa sekunde 20 nafasi bado ipo. Fupi, inatofautiana seli na seli, lakini kijani bado kinatangulia kila mara. Nikataka kuandika kwamba kugawanyika kwa septini ndiko kunakoiruhusu miosini. Mwalimu aliweka kidole kwenye sentensi hiyo. "Jogoo huwika kabla ya jua."

Kwa hiyo leo nimezitazama seli zilizofutwa kabisa MYO1, jeni ya ile miosini. Zinaota polepole, zinashikamana kwa mafungu, shingo zake zinazibwa kwa ukuta mnene usio na mpangilio. Nilikaa na fungu moja saa nzima. Kwenye kona ya chini kulikuwa na mama mmoja aliyelala ubavu vizuri. Kiuno cha ngoma kikapauka katikati, kikawa mistari miwili, na kati yake hapakuwa na kitu chochote.

Kwenye ukurasa wa kwanza nimeacha swali kama lilivyo. Chini yake, kwa kalamu ya kawaida, nimeandika jaribio la upande wa pili: kuzuia kijani kisigawanyike, kisha kuangalia nyekundu. Ukoo unaofaa nimeukwangua leo jioni. Sahani iko kwenye kabati la 25, rafu ya juu, ina adenini.